Mchanga wa Nyumba ya Wazee

Kitu cha kwanza alichokiona Inamahoro ni kwamba hawakuitoa nailoni.

Godoro lilikuwa jipya, la sponji, la buluu. Wanaume wanne wa kamati ya parokia walilikunja ili lipite mlangoni, wakalitandaza juu ya udongo, kisha wakashika blanketi la bibi yake kwa pembe zake nne. Ndivyo walivyombeba siku zote, kwa pembe za blanketi, ili mikono yao isimguse. Walimnyanyua, wakamlaza juu ya ile nailoni, nayo ikalia chini yake.

"Tuitoe hii, Papa Protais?" aliuliza mmoja wao.

"Acha. Inalinda matela."

"Mukoko atatoka jasho," alisema yule mtu, akimwonyesha bibi kwa kidevu.

"Ni nusu saa tu. Wageni iko njiani."

Protais alikuwa prezida wa kamati. Kabla ya vita alikuwa mwalimu, na bado alivaa kimwalimu: shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, viatu vilivyoshonwa ubavuni mara mbili. Alitazama chumba kizima, akaona magunia yenye unyevu ambayo bibi alikuwa akilalia, akayasukuma nje kwa mguu.

Wageni walikuja wawili, mwanamke mwenye kamera na mwanaume mwenye kizibao cha mifuko mingi. Mwanaume aliuliza kitu kwa Kifaransa, akimtazama bibi. Protais hakumgeukia bibi. Alijibu yeye mwenyewe, maneno mengi, na mgeni akaandika. Kisha mgeni akamgeukia Inamahoro aliyesimama kando ya bido, dumu la maji, akauliza tena. Inamahoro alitazama chini. Protais akamjibia na yeye.

Picha ikapigwa. Gari likaondoka ili liwahi mpaka wa nchi kabla haujafungwa. Vumbi lilikuwa bado halijatua Mama Pélagie, mkubwa wa shirika lao, jumuiya ndogo ya parokia, alipoingia na wale wanaume wanne.

"Tutaiweka mu depo, mwanangu," alisema. "Hapa askari wataiona. Weye uko binti peke yako. Unataka waje ju ya matela, wakukute weye?"

Lilikuwa jambo la kweli. Walishika tena pembe nne za blanketi. Inamahoro aliyarudisha magunia ndani kabla hawajamshusha bibi yake. Godoro lilitoka safi kama lilivyoingia.

*

Bibi yake aliitwa Pudentienne, na huko Runingu, bondeni, alikuwa amelima mpunga na mihogo miaka hamsini. Vita ya kwanza ilipofika bondeni, baba na mama wa Inamahoro walibaki barabarani, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mahali. Bibi ndiye aliyemshika mkono mpaka Uvira. Wakati huo Inamahoro alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la nne. Hakurudi shule tena. Vita ya pili ilipoanza, katika mvua ya kwanza, bibi aliteleza kwenye matope nyuma ya nyumba, na mfupa wa nyonga ukavunjika. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hajasimama.

Alikuwa na vidonda viwili. Kimoja kiliingia mkono wa mtoto. Muuguzi aliyekuja mara moja alikitazama, akamwambia Inamahoro, "Dawa yake si dawa. Umugeuze kila saa mbili. Na umutafutie kitu laini chini yake. Hivyo viwili tu. Ukivipata, kidonda kinafunga. Ukivikosa, kitaingia mu mfupa."

Kitu laini na saa mbili. Inamahoro aliyashika maneno hayo kama wengine wanavyoshika sala.

Alikuwa mtu asiyesema. Si kwamba hakuweza. Maneno yalifika shingoni, yakaona watu, yakarudi. Pale kisimani wengine walimwita bubu, na hakuwasahihisha. Nyumbani alisema na bibi yake Kirundi, kwa sauti ya chini, akimgeuza: sasa huku, Nyogokuru, sasa huku. Bibi alijibu maneno machache, kila mwezi machache zaidi.

Jumapili moja, baada ya misa, Protais alisimama mbele akatangaza kwamba parokia imepata wafadhili wa kujenga Nyumba ya Wazee. Sima, yaani saruji, mabati na mbao vitatoka kwao. Waamini watatoa mchanga na mawe.

"Wazee wetu wanalala chini kama mbuzi," alisema. "Ni aibu yetu. Tutawapa vitanda, tutawapa ukuta wa sima. Sasa nauliza: nani atabeba mchanga? Aliye na muzee ndiye atakayefaidi. Basi aliye na muzee ndiye atakayebeba."

Watu waliona ni haki. Wasio na wazee walipiga makofi zaidi.

Ikawa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, siku tatu kila wiki. Lisiti ya wazee, orodha ya majina yao, ilikaa kwa Mama Pélagie. Aliyekosa kubeba mara mbili, jina la mzee wake lilisomwa kanisani na kufutwa. Mchanga ulichotwa Kalimabenge, chini kabisa ambako mto ulikuwa umeutandaza, ukapandishwa mlimani kwa beseni kichwani. Kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana. Inamahoro alihesabu kidoleni: hiyo ni mara tatu ambazo bibi hageuzwi.

Wabebaji walikuwa wanawake na wasichana. Walicheka sana, kwa kuwa beseni la mchanga haliruhusu kulia.

"Mumeona ramani?" alisema mwanamke mmoja wakipumzika. "Kuna vyoo vya ndani. Kuna vyuma mu madirisha."

"Ili wazee wasitoroke."

"Na kuna garaji."

"Garaji ya nini?"

"Ya kipoyi."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kipoyi ni kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani na watu wanne, na mlimani kwao kila mgonjwa hushuka nacho na kila maiti hupanda nacho. Inamahoro hakucheka. Alikuwa akiwaza nyonga ya kulia, iliyokuwa chini tangu alipoondoka.

Aliyemsaidia alikuwa jirani, Mwavita, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Inamahoro hakuwahi kumwomba. Siku ya kwanza ya salongo alisimama tu mlangoni kwake, beseni mkononi, hasemi, mpaka Mwavita akamaliza kuosha vyombo.

"Nimekuona," Mwavita alisema. "Saa nne nitamugeuza, na saa sita. Enda." Kisha akamwita arudi. "Lakini mwambie huyo prezida wenu. Kanisa ni lenu, muzee ni wenu, na anayemugeuza ni minye Mwislamu. Mungu ataandika wapi hiyo?"

*

Kwa kuwa hasemi, watu walisema mbele yake.

Siku moja kuta zilipokuwa zimefika kwenye mabati, alikuwa akimwaga mchanga kando ya mlango. Protais na fundi mkuu walisimama hatua tatu kutoka kwake. Fundi alikuwa akiuliza kuhusu chumba cha upande wa ziwa.

"Kamanda wa askari anataka mulango mwingine utokee nje," alisema fundi. "Tukivunja ukuta sasa, ni kazi ndogo. Baada ya rangi, ni kazi kubwa."

"Subiri wageni wapite," alisema Protais. "Wageni wakiona milango miwili watauliza. Wazee watalala hapa Jumapili ya kufungua. Kamanda aingie Jumatatu, na weye uvunje Jumanne."

"Na wazee?"

"Watarudi kwao. Iko na familia."

Fundi alijikuna shingo.

"Usinitazame hivyo," alisema Protais. "Hii nyumba bila mukubwa wa kuilinda, wiki moja hautakuta hata mulango. Nimeona shule yangu. Walichukua madawati, walichukua mabati, walichukua mpaka ubao, weye unafanya nini na ubao? Tukimwachia kamanda miaka miwili, vita itakwisha, na nyumba itakuwa bado nzima. Wazee wataingia mu nyumba nzima."

"Wazee wa miaka miwili ijayo."

"Ndiyo."

"Na hawa?"

Protais alitoa kitambaa akafuta jasho. "Mungu atawapokea," alisema, na Inamahoro alisikia kwamba hakuwa akidanganya. Aliamini alichokisema, na alikuwa amekwisha kukaa nacho kwa amani. Mtu mwongo angeshusha sauti.

Inamahoro alikung'uta beseni, akashuka mtoni.

Kutoka siku ile alichota mchanga mbaya. Kuna sehemu ambapo mto huchanganya mchanga na udongo wa kijivu, na kila mwanamke wa mlimani anajua kwamba ukuta wa mchanga ule hupasuka. Alijaza chini ya beseni udongo wa kijivu, juu akatandaza mchanga safi. Alifanya hivyo wiki mbili. Aliufikiria ufa kila alipokuwa akipanda, aliupa jina, aliuona ukianza kwenye kona ya chumba cha upande wa ziwa na kupanda mpaka juu ya kichwa cha kamanda aliyelala. Lakini fundi alikuwa na sima nyingi ya wafadhili. Alipaka ukuta, akapaka tena, kisha akapaka rangi ya maziwa. Ukuta haukupasuka. Ulipendeza.

*

Wiki ya mwisho Mama Pélagie alipita nyumba kwa nyumba.

"Jumamosi ni salongo ya mwisho," alisema. Alisimama nje, leso puani. "Tunatandaza mchanga mu uwanja, gari la wageni lisikwame. Jumapili asubuhi wanaume watakuja na kipoyi kumuchukua mukoko. Umuvalishe vizuri. Na safari hii, mwanangu, matela haitarudi mu depo. Muzee hata akirudi kwake, ataenda na matela yake. Papa Protais amesema mbele ya Padri. Lakini atakayekosa Jumamosi, mukoko wake hatabebwa. Hata kama hajakosa siku nyingine. Unasikia?"

Inamahoro aliitika kwa kichwa.

Nyumba ilikuwa uongo, hilo alijua. Lakini godoro lilikuwa limesemwa mbele ya Padri. Kidonda kikubwa kilikuwa kimeanza kunuka vingine, na alipokiosha kwa maji ya chumvi aliona kitu cheupe ndani. Kitu laini na saa mbili. Alikuwa na nafasi ya kupata kimoja.

Jumamosi asubuhi alimgeuza bibi, akamwosha, akamnywesha uji vijiko vitatu. Mwavita alikuwa amekwenda Kalundu tangu alfajiri, kwa kuwa mtumbwi wa ndagala ulikuwa umeingia. Alikuwa amesema atarudi mapema akiweza.

Inamahoro alipochukua beseni, bibi alimshika nguo.

"Ntugende," alisema. Usiende.

Lilikuwa neno la kwanza katika siku nne. Macho yake yalikuwa wazi na yalimwona vizuri. Inamahoro aliinama akamweleza habari ya godoro, taratibu, kwa Kirundi, kama anavyoelezwa mtoto. Alimwambia ni leo tu. Alimwambia saa nane atakuwa amerudi.

"Ntugende uyu musi." Usiende leo.

Inamahoro alifika mtoni akiwa wa mwisho. Wenzake walikuwa wamekwisha kupanda mara moja. Mama Pélagie alimtazama, akatazama lisiti, akaweka alama.

Alibeba mabeseni kumi na manne. Uwanja ulipotandazwa ulikuwa mweupe, hauna hata alama ya mguu, na Protais aliwaomba wapite pembeni.

Aliporudi, Mwavita alikuwa amekaa mlangoni, kapu la ndagala bado limefungwa. Hakusimama.

"Nimefika sasa hivi tu," alisema. "Keti kwanza, mwanangu."

Inamahoro alimpita.

Bibi alikuwa amelala upande ule ule aliolazwa asubuhi. Mdomo ulikuwa wazi. Nzi walikuwa wamekwisha kujua.

*

Walimwosha wawili. Mwavita alileta maji na sabuni ya kwake, akafunga kitambaa kutoka chini ya kidevu mpaka utosini ili mdomo ujifunge, akamnyoosha miguu. Alifanya kazi haraka, kama mtu aliyeosha wengi. Mkono wa kulia Inamahoro aliuosha mwenyewe.

"Sasa nitaenda kwa Mama Pélagie," Mwavita alisema akijifuta. "Jua bado liko. Mukichimba sasa, anaweza kulala kwake leo."

"Usiende," alisema Inamahoro.

Mwavita aligeuka. Hakuwa amezoea kuisikia sauti ile.

"Usimwambie muntu," Inamahoro alisema. "Mpaka kesho."

"Kwetu maiti haingojeshwi. Hata kwenu sijaona."

"Kesho watakuja na kipoyi. Watambeba wenyewe."

Mwavita alitazama kile kitambaa cha kidevuni. Kisha akachukua kitenge chake mwenyewe, kile cha maua mekundu cha kuvaa sikukuu, akakikunja, akamfunga bibi kichwani juu ya kile kitambaa, akakileta chini ya kidevu, vizuri, mpaka akaonekana mwanamke mzee aliyejiandaa kwenda misa.

"Minye sijaona kitu," alisema. "Nilikuwa Kalundu."

*

Walikuja saa tatu asubuhi, wanne na kipoyi, na Protais mbele akiwa na koti jeusi. Walikuwa wakiimba tangu barabarani. Watu wa shirika waliwafuata na matawi. Inamahoro alisimama mlangoni. Alikuwa amemfunika bibi mpaka kidevuni, na chumba kilikuwa na giza, na harufu ilikuwa ile ile waliyoizoea.

"Amelala?" aliuliza Protais kutoka nje.

Inamahoro aliitika kwa kichwa.

"Vizuri. Alale. Wageni watamwamsha."

Wanaume waliingia wakiwa wamezuia pumzi. Walishika pembe nne za blanketi, wakatazama ukutani, wakanyanyua.

"Leo amekuwa muzito," alisema mmoja.

"Ni furaha," alisema mwingine.

Walicheka kidogo, wakamweka kwenye kipoyi. Hakuna aliyemtazama usoni. Inamahoro alikuwa amejua kwamba hawatamtazama; mpango wake wote ulisimama juu ya hilo. Alitembea nyuma ya kipoyi, mikono yake imeshikana tumboni, na mlimani wote watu walitoka nje, wakapiga vigelegele, watoto wakakimbia mbele. Maiti ikapanda mlima ikiimbiwa wimbo wa harusi ya Mwanakondoo. Ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu cha moto, na kilikuwa kitamu. Aliwahesabu waliombeba. Aliwahesabu waliocheka. Alimtazama Protais akiwapungia watu mkono.

Nyumba ya Wazee ilinuka rangi. Katika chumba cha kwanza, kilichokuwa kikubwa, vitanda vinane vilikuwa vimetandikwa mashuka meupe, na wazee saba walikuwa wamelala tayari, wameoshwa, wamefundishwa kusema asante. Pudentienne akawekwa kitanda cha nane, karibu na dirisha. Watu walijaa mlangoni na madirishani.

Mgeni wa safari hii alikuwa mzee yeye mwenyewe, mzungu mwenye ndevu nyeupe, anayetembea kwa fimbo. Mwanamke mwenye kamera alikuwa naye. Mgeni alikwenda kitanda kwa kitanda. Kwa kila mmoja alipiga magoti kwa shida, akashika mkono, akasema neno moja la Kifaransa, lile lile, na mzee akasema asante, na watu wakapiga makofi.

Alifika kitanda cha nane. Alipiga magoti. Alitafuta mkono wa kulia chini ya blanketi, akauchukua kati ya mikono yake miwili, akaanza lile neno lake, akaishia katikati.

Alimtazama Protais. Alisema kitu kifupi.

Mama Pélagie ndiye aliyeinama. Aliinua ukingo wa kitenge chenye maua, akaona kitambaa cha kidevu. Naye alikuwa ameosha wengi. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Inamahoro aliutazama uso wa Protais. Kwa ajili ya uso huo alikuwa amekaa na maiti tangu jana. Na aliupata: kwa muda wa pumzi mbili mdomo ulilegea, macho yakamtafuta katikati ya watu, yakamwona, yakaelewa. Jasho likatoka juu ya mdomo. Alikuwa mwanaume mzee mwenye hofu, mbele ya parokia nzima.

Kisha ule uso ukarudi mahali pake.

Protais alipiga magoti kando ya mgeni. Alisema kwa Kifaransa, polepole, kwa sauti ya darasani, akionyesha msalaba ukutani, kisha kitanda, kisha mikono ya mgeni. Mgeni alifumba macho. Ndevu zake zilianza kutetemeka. Alibusu ule mkono, akaubakiza kwenye paji la uso wake. Mwanamke wa kamera alisogea, akainama ili apate dirisha pia.

"Ndugu zangu," alisema Protais, akisimama, "Mama Pudentienne ametuacha sasa hivi. Alingoja. Alingoja afike mu nyumba yake, juu ya kitanda chake, ashikwe mkono, ndipo akaenda. Nani kati yetu atapata kifo kama hiki? Tumwimbie."

Waliimba. Wazee saba waliimba wakiwa wamelala. Waliokuwa madirishani waliimba, na wanawake wa mchanga waliimba wakilia, na wimbo ulikuwa mzuri. Wale wanaume wanne walitazama chini. Mmoja wao alikuwa ametoa kofia.

Protais alimjia Inamahoro, akaweka mkono begani mwake, akainama kama anayemfariji.

"Umefanya nini, binti," alimwambia sikioni. Hakuwa na hasira. "Basi. Imekuwa vizuri. Tutamupa sanduku la mbao. Padri mwenyewe atazika, si katekista. Matela uchukue, na shuka, naapa mbele ya huyu maiti. Unaona? Hakuna anayekudai kitu. Weye nyamaza tu, namna unanyamazaka siku zote."

Inamahoro alitazama kitanda. Kile kitu cha moto kilichokuwa kitamu kilikuwa kimezimika. Walikuwa wamemla bibi yake hata akiwa maiti. Kesho kutwa ile picha ingefika ng'ambo.

Kifaransa chake kilikuwa cha darasa la nne. Mwalimu wake, kila asubuhi, aliandika tarehe ubaoni na kuwaimbisha jana, leo, kesho, mpaka siku ile walipokimbia.

"*Hier*," alisema.

Mgeni alifungua macho.

"*Hier*," alisema tena, akionyesha kitanda. "*Hier*."

Wimbo ulikatika mbele kwanza, kisha nyuma, kisha madirishani.

"Alikufa jana," alisema kwa Kiswahili. Sauti ilikuwa ngeni hata kwake, nene, ya mtu asiyejua kuipunguza. "Hakufia hapa. Alifia chini, kwenye magunia, peke yake. Mmeimba mkibeba maiti. Wanne, na hakuna aliyemtazama. Na kesho kamanda anaingia humu, na hawa saba watarudi chini."

Mzee mmoja aliketi kitandani mwake. Mgeni alimtazama Protais, akingoja. Protais aligusa kichwa chake kwa kidole, akasema maneno machache ya huruma kwa Kifaransa, na mgeni akamtazama Inamahoro kwa upole mkubwa, kama anavyotazamwa mtu aliyeharibiwa akili na msiba. Bado alikuwa ameushika ule mkono.

Mama Pélagie alisema, "Tumutoe nje, maskini." Wanawake wawili walimsogelea.

Hakuondoka. Lilikuwa limebaki neno moja, na hilo hakuwa amemwambia Mwavita, wala Mungu. Alilisema huku akiutazama mkono mikononi mwa mgeni.

"Jana asubuhi alinishika nguo, akasema nisiende. Sikujua ametoa wapi nguvu. Hakuachia. Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja, na kimoja kilivunjika, nilikisikia, na nikaenda kuwabebea mchanga."